AJALI INA KINGA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wananchi katika mkutano wa tawi, Ifakara



Twajua kwamba mvua zimekaribia na kila mwenye jembe analo shamba linalomngoja. Kwa hiyo hatutasema maneno mengi ya kujipamba. Tumekuja na neno moja tu. Watoto wetu wanakufa na wengine wanalemaa kwa mambo ambayo sisi wenyewe twaweza kuyazuia, na kila jambo hilo linapotokea twajifariji kwa msemo ule ule: "Ajali haina kinga." Leo tumekuja kuupinga msemo huo mbele ya wazee wetu, kwa heshima yote, lakini bila kificho.

Hatusemi kwamba waliousema kwanza walikuwa wajinga. Msemo huo una mahali pake. Mtu aliyefiwa na mwanawe haambiwi, "Ungalifanya hivi, asingalikufa." Huo ni ukatili. Aliyefiwa hupewa mkono wa pole na kuambiwa kwamba ajali haina kinga, ili moyo wake upumzike. Hayo ni maneno ya matangani, na matangani yanafaa. Lakini sisi tumeyatoa matangani tukayafanya sheria ya kijiji. Mtoto akitumbukia kisimani leo, twalia, twazika, twasema haina kinga, na kesho kisima kile kile kiko wazi vile vile, bila kifuniko, kikingoja mtoto mwingine. Hapo msemo haumfariji mtu tena. Umekuwa blanketi la kufunikia uvivu wetu.

TULIVYODHANI JUU YA HOMA

Tuanze na habari ambayo kila mtu wa Ifakara anaijua. Miaka mingi watu wa bonde hili walidhani kwamba homa ya watoto ni ada ya mahali petu. Maji yapo, mbu wapo, basi homa nayo haina budi kuwapo, na mtoto akifa ndiyo siku yake imefika. Mwaka 1949 alifika hapa mtaalamu wa Uswisi, Bwana Rudolf Geigy, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ndogo ya utafiti. Maabara ile ilibadilika jina mara kadhaa, na leo ndiyo Taasisi ya Afya ya Ifakara, nayo inaongozwa na Watanzania wenyewe.

Mwaka 1996 wahesabuji walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Kila baada ya miezi minne walirudi tena, wakauliza: Nani amezaliwa? Nani amehama? Nani amefariki, na alifariki kwa nini? Wako kati yetu waliocheka. Walisema, "Hawa wanaandika tu, kuandika hakumponyi mtu." Lakini katika miaka hiyo hiyo vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa katika vijiji vyetu kwa jina la Zuia Mbu. Mwanzoni, katika kila watoto wachanga 100, hawakufika 10 waliolala ndani ya chandarua chenye dawa. Miaka mitatu baadaye walizidi 50. Na hesabu ile iliyochekwa ndiyo iliyotoa ushahidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua chenye dawa kiliongeza kuishi kwao kwa 27 katika 100.

Basi, ndugu zetu, bonde lilikuwa lile lile. Maji yalikuwa yale yale, na mbu hawakuhama. Kilichobadilika ni kwamba watu waliacha kusema "ndiyo siku yake" wakaanza kuuliza "kwa nini", wakahesabu, wakatenda. Sisi twauliza: kama homa, iliyowashinda babu zetu na babu wa babu zetu, imekutwa na kinga hapa hapa Ifakara, kwa nini kisima kisicho na mfuniko kitushinde?

BAHATI HAIULIZI UTAIFA

Wako watakaosema kwamba homa ni ugonjwa na ajali ni bahati mbaya tu. Tuwajibu kwa hesabu. Mwezi Desemba 2008 Shirika la Afya la Dunia, pamoja na UNICEF, walitoa taarifa kubwa juu ya ajali za watoto ulimwenguni. Walisema kwamba kila siku watoto zaidi ya 2,000 wanakufa kwa ajali ambazo hakuna mtu aliyezikusudia: kugongwa na magari, kufa maji, kuungua, kuanguka, kunywa sumu. Na katika kila watoto 100 wanaokufa kwa majeraha, zaidi ya 95 ni wa nchi maskini na nchi za kipato cha kati.

Lifikirini jambo hilo. Kama ajali ingekuwa bahati tu, ingepiga sawasawa kila mahali, kwa maana bahati haiulizi utaifa. Mama wa Uswisi hampendi mwanawe kuliko mama wa Lupiro anavyompenda wake. Wala mtoto wa Uswisi si mtulivu kuliko wa kwetu. Mtoto ni mtoto, naye hugusa, hupanda, hukimbia. Tofauti ni kwamba kule kisima kimefunikwa, moto umeinuliwa juu ya meko, dawa ya kuulia wadudu imefungiwa, barabara ya shule ina matuta, na mtoto mdogo ana mtu mzima wa kumwangalia mama anapokuwa kazini. Hizo zote ni kazi za mikono ya watu. Walizifanya baada ya kuzika watoto wengi, na baada ya kuchoka kuzika.

Alikuwako daktari mmoja wa Marekani, William Haddon, aliyeongoza idara ya usalama wa barabara ya nchi yake tangu mwaka 1966. Yeye alifundisha kwamba kila ajali ina nyakati tatu: kabla, wakati wenyewe, na baada. Katika kila wakati yapo mambo ya kutazamwa: mtu mwenyewe, kitu kilichomdhuru, na mahali palipotokea. Somo hili ni jepesi, hata mzee asiyesoma ataliona. Sisi tumezoea kutazama wakati mmoja tu na mtu mmoja tu. Twauliza: "Mama yake alikuwa wapi?" Kisha twanyamaza. Hatuulizi kisima kilikuwaje, wala waliofika kwanza walifanya nini.

MAJI YA MLANGONI

Sasa tuje katika bonde letu, tutazame maji kwanza, maana maji ndiyo riziki yetu. Twapata mpunga kwa maji, twapata samaki kwa maji. Watu wa bonde hili, Wandamba hasa, wanajua mtumbwi kama wengine wanavyojua baiskeli. Lakini maji yanayoua mtoto mdogo mara nyingi siyo mto ule mkubwa wenye mamba na viboko. Huko mtoto wa miaka miwili hafiki. Maji yanayomuua yako mlangoni: kisima cha uani, shimo la kufyatulia matofali lililojaa mvua, mfereji wa majaruba, hata pipa na ndoo. Tena tusidhani kwamba mtoto anayekufa maji atapiga kelele. Hapigi. Maji humnyamazisha kabla hajaita.

Taarifa ya Shirika la Afya la Dunia ya mwaka 2024 yasema kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wasiofika miaka mitano.

Na kwetu hapa msimu wa kilimo ndio wakati wa hatari. Mvua zikianza, jamaa huhamia shambani, mbali na kijiji, mbali na zahanati, wakakaa katika dungu hata mpunga uvunwe. Mama yuko ndani ya majaruba tangu alfajiri. Baba naye yuko huko, au amekwenda kutafuta kibarua. Mtoto wa miaka miwili ameachiwa dada yake wa miaka minane. Huyo dada naye ni mtoto. Anapika, anafukuza ndege, anachota maji, na analea. Siku jambo baya likitokea, tunawalaumu mama na binti. Binti wa miaka minane atabeba lawama hiyo maisha yake yote. Sisi twasema hadharani kwamba lawama hiyo si haki. Mama yule hakuacha mtoto ili akacheze ngoma. Alikuwa akilima mpunga ambao sisi sote twaula.

Nchi ya Bangladesh ni nchi ya mpunga na mito kama sisi, nayo ilikuwa na msiba huu huu. Watafiti wao walikwenda vijijini wakauliza: watoto hufa maji saa ngapi, na wapi? Wakakuta kwamba wengi hufa karibu sana na nyumbani, kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, yaani saa zile mama ana kazi nyingi kuliko zote. Walipojua saa na mahali, kinga ikaonekana yenyewe. Walichagua mama mmoja katika mtaa, wakamfundisha, akawa anawakusanya watoto wadogo nyumbani kwake kila asubuhi, siku sita kwa juma, wenzake wakiwa kazini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne waliolelewa hivyo, hatari ya kufa maji ilipungua kwa zaidi ya 80 katika 100. Na wale wakubwa kidogo, wa miaka 4 hadi 12, waliofundishwa kuogelea na kuokoana, hatari yao ilipungua kwa zaidi ya 90 katika 100.

Kuogelea siyo mchezo wa matajiri. Huko Nungwi, Unguja, uko mradi wa Panje unaowafundisha wasichana na wanawake kuogelea, wakiwa na mavazi ya heshima yanayokubaliana na dini yao. Hapa kwetu tahadhari moja yahitajika: asiende mtu kumfundisha mtoto katika mto wenye mamba akasema alisikia hivyo katika mkutano wetu. Patafutwe mahali salama, na mtu mzima mjuzi awepo.

Tena tusisahau kivuko. Mwezi Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduliwa na upepo mkali katika mto wetu, na watu wakapotea. Miaka mingi kabla ya siku hiyo tulikuwa tukivuka kwa kuomba Mungu. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja lenye urefu wa mita 384. Leo mtoto wa shule hupita juu ya mto huo akiimba. Hapa pana fundisho kubwa. Hatukuambiwa tu tuwe waangalifu zaidi ndani ya kivuko, lilijengwa daraja. Kinga iliyo bora ni ile inayomlinda mtoto hata siku mama yake amechoka.

MOTO WA MAHENGE

Ukivuka daraja hilo, ukapita Lupiro na kupanda milima, utafika Mahenge. Huko iko habari ambayo kila mwananchi wa bonde hili yampasa kuijua, kwa maana inaonyesha jinsi mzizi wa ajali unavyoweza kuwa mbali na mahali inapotokea.

Mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke, mzaliwa wa Norwe, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu wenye kifafa huko Mahenge. Aliwakuta watoto na vijana wenye makovu ya kutisha ya moto, usoni na mikononi. Walikuwa wameangukia mekoni kwa kifafa. Na kwa nini hawakutolewa motoni upesi? Kwa sababu watu waliogopa kuwagusa. Waliamini kwamba povu na mate ya mgonjwa yataambukiza kifafa. Basi mtoto akaungua mbele ya jamaa zake, nao wanampenda, nao wanalia, lakini hofu imewafunga mikono. Wengine walizama katika maji walipokwenda kuchota au kuvua. Daktari yule na mwenzake walipotoa taarifa mwaka 1992 juu ya wagonjwa 164 waliofuatwa kwa miaka 30, theluthi mbili hivi walikuwa wamefariki, na miongoni mwa sababu kubwa ni kifafa chenyewe kisichokatika, maji, na moto.

Watafiti wa siku zetu waliendelea kuuliza kwa nini kifafa ni kingi hivyo kule. Wamekuta kwamba kinafuatana na ugonjwa wa usubi, unaoletwa na inzi mdogo anayezaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi. Tangu mwaka 2019 dawa ya usubi imekuwa ikitolewa katika vijiji vya Mahenge mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja, na watafiti waliporudi vijijini walikuta kifafa kipya kimepungua.

Tazameni mnyororo huo, ndugu zetu. Mtoto ameungua jikoni. Ameungua kwa sababu alianguka. Alianguka kwa sababu ya kifafa. Kifafa kimehusiana na usubi. Usubi umetoka kwa inzi wa mtoni. Basi kidonge cha usubi anachokimeza mtoto leo ni kinga ya moto wa kesho. Nani angeliona jambo hilo kwa kukaa barazani akisema ajali haina kinga? Limeonekana kwa sababu watu waliuliza, wakaandika, wakarudi, wakauliza tena, kwa miaka 60.

Kwa hiyo tunatangaza mambo mawili hapa, na kila mwanachama ayapeleke nyumbani kwake. La kwanza: kifafa hakiambukizi kwa kuguswa. Ukimwona mtoto ameanguka, mtoe penye moto au penye maji mara moja, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. La pili: dawa ya kifafa ipo, na siku dawa za usubi zinapogawiwa, asiwepo mtu wa kujificha shambani.

LAMI IMEFIKA

Tulilia miaka mingi tukiidai barabara, na sasa barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye kilomita 66.9, imetiwa lami. Ni jambo jema. Mpunga unafika sokoni, mgonjwa anafika hospitali. Lakini lami haichagui. Inambeba mgonjwa kwa kasi, na inambeba mlevi kwa kasi hiyo hiyo. Zamani mashimo yalikuwa yakipunguza mwendo wa magari. Leo mashimo hayapo, na mtoto wa shule bado anavuka kama alivyovuka zamani. Bodaboda zimejaa, na vijana wetu ndio waendeshaji wake. Huko Kidatu malori ya miwa yanapita karibu na watoto.

Hapa pia uko ushahidi wa kwetu, hatuna haja ya kuuagiza kwa meli. Katika jiji la Dar es Salaam shirika la Amend lilichukua shule za msingi katika mitaa yenye ajali nyingi. Halikuja na mabango ya kuwaambia watoto "angalieni" na kuondoka. Lilitengeneza njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko vya pundamilia, na mahali pengine likahamisha lango la shule ili watoto wasitokee moja kwa moja barabarani. Kisha shule hizo zikalinganishwa na shule nyingine ambazo hazijatengenezewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema kwamba kuumia kwa watoto kulipungua kwa 26 katika 100. Shule zetu zilizo kandokando ya lami, kuanzia Kidatu, Mang'ula hadi hapa, zinastahili jambo hilo hilo. Matuta hayamwombi dereva awe mwema. Yanamlazimisha.

BAADA YA AJALI

Tulisema ajali ina nyakati tatu. Twasema sasa juu ya ule wa tatu, maana hapo twawaumiza watoto mara ya pili kwa mikono yetu wenyewe, tukidhani tunawasaidia.

Mtoto akiungua, asipakwe unga, wala mafuta, wala dawa ya meno. Amwagiwe maji safi yasiyo ya barafu, yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa kwa mganga wa zahanati.

Akiumwa na nyoka, asichanjwe wembe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, mguu au mkono uliogongwa usitingishwe, abebwe haraka hospitalini. Na kabla ya hapo, kinga ipo: viatu vya mpira katika majaruba, tochi usiku, na kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Chandarua kile kile cha mbu humsumbua nyoka pia.

Mtoto akinywa mafuta ya taa au dawa ya shamba, asilazimishwe kutapika. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili mganga aone ni sumu gani. Na hapa twawauliza wenye nyumba: nani aliyetufundisha kutia mafuta ya taa katika chupa ya soda? Mtoto hajui kusoma. Anajua chupa ya soda ina soda.

TUNAOMBA NINI

Ndugu Mwenyekiti, mkutano unaokwisha kwa makofi tu haujafanya kazi. Sisi twaleta mapendekezo matano, na twaomba yapigiwe kura kabla watu hawajatawanyika.

Kwanza, kila kitongoji kiwe na daftari la ajali za watoto. Isiandikwe habari ya vifo tu, bali na majeraha. Mkono uliokunjamana kwa moto hauonekani katika hesabu ya vifo, lakini kijana mwenye mkono huo hawezi kushika jembe. Daftari liandikwe tarehe, saa, mahali, umri, kilichomuumiza, na kitu gani kilikosekana. Lisiandikwe jina la mtoto wala la mama. Twajua akina mama watakaoogopa wakisema daftari hilo litakuwa la umbeya na la kushtakiana. Wana haki ya kuogopa, kwa sababu tumewalaumu mno. Kwa hiyo na iwe amri yetu: daftari linamwuliza kisima maswali, halimwulizi mama.

Pili, kabla ya mvua kuanza, kila kisima cha mtaa kiwe na ukingo na mfuniko, na kila shimo la tofali lililoachwa lifukiwe au lizungushiwe uzio. Kazi hii ni ya mbao, misumari, na siku mbili za nguvu za vijana.

Tatu, msimu huu wa kilimo tujaribu mahali pawili pa kulelea watoto wadogo: pamoja hapa mjini na pamoja katika mashamba ya mbali. Akina mama wachague mwenzao wanayemwamini, na wanaolima walime pia sehemu ya shamba la mwenzao huyo, maana anayelea watoto wa wote hafai kukosa chakula. Huo ndio ujima wetu wa zamani. Mwisho wa msimu tusome daftari na kuona kama pamefaa au hapakufaa. Kama hapakufaa, tuseme hivyo bila aibu na kujaribu njia nyingine. Utafiti ni kutenda, kupima, na kusema kweli juu ya kilichopimwa.

Nne, tuipelekee Serikali madai yetu kwa maandishi: matuta na njia za miguu mbele ya shule, na dawa ya sumu ya nyoka iwepo hospitalini kabla ya msimu. Tuulize kabla ya mvua, tusiulize mbele ya jeneza.

Tano, wataalamu wa Taasisi ya hapa mjini waombwe kuja kutufundisha namna ya kuandika daftari hilo lifae kwa utafiti. Wametuuliza maswali kwa miaka mingi, nasi tumewajibu. Sasa ni zamu yetu kuwauliza wao.

Tumesikia tayari nong'ono huko nyuma: "Fedha ya wapi?" Twajibu kwamba sehemu kubwa ya mambo haya haidai fedha kwanza, inadai kukubali. Mfuniko wa kisima haugharimu zaidi ya chakula cha matanga. Na anayesema ni ghali afike siku moja katika wodi ya watoto, atazame mtoto aliyeungua akibadilishwa bandeji, kisha arudi hapa atuambie bei.

Wazee wetu, hatujaja kuwavunjia heshima. Ninyi ndio mliotufundisha kwamba kinga ni bora kuliko kuponya. Basi msemo huo na ule wa ajali haviwezi kukaa katika nyumba moja. Mmoja sharti umpishe mwenzake. Twaomba ule wa ajali ubaki matangani, mahali pa machozi, na huu wa kinga utoke nje uende kazini pamoja nasi.

Mvua zikianza, tutahamia mashambani. Watoto wetu watakuwa pamoja nasi katika madungu, kando ya maji. Tumebakiwa na majuma machache. Atakayeondoka hapa leo na apite kwanza kisimani kwake, akitazame kwa macho ya mtoto wa miaka miwili. Kisha atafute mbao.

Ajali ina kinga.